Kupe Wale Wale, Ng'ombe Wawili



Wengi wenu mnanijua kama "yule jamaa wa ng'ombe". Kila tukikutana kwenye pilau ya chama, lazima mmoja aulize: "Hivi kweli umeacha ng'ombe kwenu, ukapanda ndege kuja kwenye baridi hii kusoma ng'ombe?" Nami hucheka pamoja nanyi. Mhariri aliponiomba niandike juu ya masomo yangu, nilitaka kutoa maelezo makavu ya kitaalamu nimalize kazi. Lakini likizo ya Desemba 2024 nilikwenda Oman, kwa Ami yangu wa Ibra, na yaliyonikuta huko yamenifanya nieleze habari hii tangu mwanzo wake. Mwanzo wake una aibu. Nivumilieni.

Mimi ni mtoto wa shamba, kwetu Dole, Unguja. Nilizaliwa 1997, mwaka ambao mbung'o walimalizwa kisiwani. Kwa miaka mitatu, tangu 1994, ndege zilikuwa zikimwaga kutoka angani mbung'o madume waliofanywa tasa kwa mionzi. Majike wakipandwa nao hawazai, mpaka kizazi kikakatika. Wazee wetu walikuwa wakisema ng'ombe wa kigeni haweki Unguja. Mbung'o walipoondoka watu wakapata moyo, wakaanza kununua chotara wa maziwa. Kumbe mbung'o kaondoka, kupe yupo.

Bibi yangu alikuwa na ng'ombe wa kienyeji, mdogo, mwenye nundu, tukimwita Kizee hata alipokuwa bado kijana. Maziwa yake hayakuzidi lita moja na nusu kwa siku, tena kwa kumbembeleza. Mwaka 2010 baba akanunua chotara wa Friesian, tukampa jina Bahati. Bahati alikuwa akitoa lita kumi, siku nyingine kumi na moja. Maziwa yalikwenda mjini kila alfajiri kwa baiskeli, na pesa yake ndiyo iliyokuwa ikimlipia dada yangu ada ya chuo cha ualimu. Nyumba nzima ilikuwa ikimtegemea Bahati.

Kazi yangu mimi ilikuwa moja: kila Jumamosi niwapulizie ng'ombe dawa ya kupe. Mwaka 2011, nikiwa na miaka kumi na minne, dawa ilikwisha. Baba akanipa pesa nikanunue nyingine mjini. Huko mjini nikaona viatu vya mpira, vya mtumba lakini vizuri, njumu zake zote zipo. Nikanunua viatu. Nikajiambia wiki ijayo nitapata pesa pahala nitanunua dawa, na Jumamosi ile nikajaza maji matupu kwenye bomba, nikawapulizia ng'ombe mbele ya watu wote. Jumamosi ya pili, maji. Ya tatu, maji.

Wiki ya nne Bahati akaacha kula. Mitoki ya chini ya masikio na ya mbele ya mabega ilivimba ikawa kama viazi. Ikaja homa, kisha pumzi za shida, mwisho povu puani. Daktari wa mifugo alipofika alisema ni ndigana kali, na kwamba tumechelewa kumwita. Bahati alikufa usiku ule. Dada alikaa nyumbani mwaka mzima kabla ya kurudi chuoni. Baba alisema ni kazi ya Mungu. Mimi nikanyamaza.

Sasa sikilizeni jambo lililonikaa kichwani miaka yote. Kizee alikuwa banda lile lile. Kupe wale wale walikuwa wamejaa masikioni mwake. Naye alipuliziwa maji yale yale. Lakini Kizee hakuacha kula hata siku moja, na mwaka uliofuata alizaa. Kosa langu lilikuwa moja, ng'ombe walikuwa wawili, mmoja akafa na mmoja akaishi. Kwa nini? Swali hilo ndilo lililonipandisha ndege.

Nitajaribu kuwaeleza nilichokisoma kwa Kiswahili cha nyumbani, maana darasani tumezoea kukisema kwa lugha ya watu.

Chembe za mwili wa ng'ombe, kama za kwetu sisi, zina protini fulani zinazokaa juu yake mfano wa visahani. Kazi ya visahani hivyo ni kubeba vipande vya protini kutoka ndani ya chembe na kuvionyesha nje. Askari wa mwili, yaani chembe nyeupe za damu za aina ya T, hupita wakikagua. Wakikuta kipande cha nyumbani, wanapita. Wakikuta kipande cha mgeni, kirusi au kimelea, wanaishambulia ile chembe. Vinasaba vinavyotengeneza visahani hivi kwa ng'ombe huitwa BoLA, navyo viko kwenye kromosomu ya 23.

Ajabu yake ni hii. Vinasaba vingi vya ng'ombe mmoja na mwenziwe hufanana sana, tofauti ni herufi moja hapa na nyingine pale. Lakini kimoja katika hivi vya visahani, kiitwacho DRB3, kina namna mamia. Kila namna, wataalamu huiita aleli, hutengeneza kisahani chenye umbo lake, kinachoshika vipande vya aina fulani na kuacha vingine. Ng'ombe mmoja hupata aleli moja kwa baba na moja kwa mama, basi. Kwa hiyo mamia hayo hayamo ndani ya ng'ombe mmoja. Yamo katika kundi zima, katika nchi nzima.

Mwanzoni nilijiuliza: kama ipo aleli iliyo bora, mbona haikushinda ikabaki peke yake? Jibu ni kwamba iliyo bora leo haidumu kuwa bora. Kimelea nacho hubadilika. Aleli ikienea kwa ng'ombe wengi, kimelea kinachostawi ni kile kilichobadilisha kipande ambacho aleli hiyo hukishika. Hapo aleli iliyokuwa adimu, isiyo na jina, inageuka kuwa dhahabu. Kesho zamu inakuwa ya nyingine. Tena ng'ombe mwenye aleli mbili tofauti ana visahani vya namna mbili, kwa hiyo nafasi yake ya kumnasa mgeni ni kubwa kuliko ya yule ambaye zake mbili zinafanana. Ndiyo maana katika mageuzi ya vinasaba hivi hapatikani mshindi mmoja. Kinachohifadhiwa ni wingi wenyewe. Na baadhi ya aleli hizi ni za kale kuliko ng'ombe: zinafanana zaidi na aleli za baisani wa Amerika kuliko zinavyofanana na aleli nyingine za ng'ombe huyo huyo.

Turudi kwenye ndigana kali. Kimelea chake, Theileria parva, kupe akishamtia ng'ombe, huingia ndani ya chembe nyeupe zenyewe, yaani ndani ya askari, na kuzilazimisha zigawanyike bila kikomo, mfano wa saratani. Ndiyo ile mitoki kuvimba. Wanaoweza kuukata ugonjwa ni askari wauaji, wale wanaosoma visahani vya chembe zilizoingiliwa. Watafiti wa ILRI, Nairobi, na wenzao wa Edinburgh walionyesha kwamba ng'ombe wenye visahani tofauti hulenga vipande tofauti vya kimelea hicho hicho. Ng'ombe aliyekingwa na aina moja ya kimelea anaweza kuuawa na aina nyingine. Kwa sababu hiyo chanjo iliyobuniwa Muguga, Kenya, miaka ya 1970 huchanganya aina tatu za kimelea kilicho hai, ng'ombe akachomwa papo hapo na dawa ya oksitetrasaiklini ili asiugue.

Na si visahani peke yake. Mwaka 2022 watafiti walieleza habari za ng'ombe wa Boran wa Kenya, wa ukoo mmoja, waliokuwa wakistahimili ndigana kali kuliko wenzao. Walikuta badiliko katika kinasaba kiitwacho FAF1B, na waliolirithi kwa baba na kwa mama pia walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kupona. Kabla ya hapo, huko magharibi mwa Kenya, kuanzia 2007 watafiti waliwafuata ndama 548 wa kienyeji tangu kuzaliwa mpaka kutimiza mwaka. Ndigana kali ndiyo iliyoongoza kwa kuua. Na ndama waliokuwa na damu nyingi zaidi ya ng'ombe wa Ulaya waliugua zaidi.

Nisiwadanganye lakini. Kizee hakupimwa vinasaba vyake na mtu yeyote. Tena alizaliwa pale pale, akaumwa na kupe tangu utotoni, na ndama anayekutana na kimelea mapema akapona hubaki na kinga ukubwani. Bahati alitoka kwenye banda la zege, hajui kupe. Siwezi kukuapia kwamba kilichomwokoa Kizee ni damu yake tu. Naweza kusema kwamba damu ilikuwa na sehemu yake.

Huo ndio mzigo niliokwenda nao Ibra.

Babu yangu mzaa baba asili yake ni Ibra, katika Sharqiyah. Sultan Qaboos aliposhika nchi mwaka 1970, sehemu ya ukoo wetu ilirudi Oman, sisi tukabaki Unguja. Ami ni mtoto wa ami yake baba, mkubwa kwa baba. Amezaliwa Unguja, amezeekea Ibra, na Kiswahili chake kimesimama pale pale alipokiacha. Ukikaa barazani kwake, ukifumba macho, uko Ng'ambo.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Mbona umekonda? Huko Uingereza hawali?"

Ikaja kahawa, ikaja tende, ikaja halua. Kisha akaniuliza:

"Nasikia unasomea udaktari wa ng'ombe."

"Si udaktari, Ami. Nasoma vinasaba vyao."

"Unawatibu?"

"Hapana."

"Unawakama?"

"Hapana, Ami. Nawasoma kwenye kompyuta."

Akanitazama kwa huruma. "Haya. Nyanyuka basi ukamwone ng'ombe mwenye miguu."

Alikuwa nao watano, nyuma ya nyumba, kwenye mitende inayonyweshwa na falaji. Ng'ombe wadogo wenye nundu, wanakula alfalfa mbichi, tende zisizofaa kuuzwa, na dagaa wakavu kutoka pwani ya Sur. Mama yao wote ni mwekundu, anaitwa Hamra. Nilipomshika shingoni alinipiga kikumbo kile kile cha Kizee. Wallahi nilisikia harufu ya banda letu.

"Huyu na wenziwe wawili wanakwenda Nizwa mnada wa Ijumaa," Ami akasema. "Nataka kununua chotara wa Holstein. Wajukuu wangu wanakunywa maziwa ya boksi na mimi nina ng'ombe watano. Si aibu hiyo?"

Tumbo likanikata. Nikaanza kumhutubia. Nikamwambia Oman nayo ina kimelea chake, Theileria annulata, ndugu wa kile cha kwetu, kinachobebwa na kupe wa jamii ya Hyalomma. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos na wenzao walichapisha mwaka 2015 uchunguzi wa kimelea hicho ndani ya ng'ombe wa Oman, wakakuta kina sura nyingi mno. Kimelea chenye sura nyingi, Ami, kinataka kundi lenye sura nyingi. Nikamwambia habari za Edinburgh, ambako ndama wa Sahiwal, ng'ombe wenye nundu wa asili ya Punjab ambao hata Naivasha wapo, waliwekwa pamoja na ndama wa Holstein, wote wakaambukizwa kimelea hicho. Sahiwal waliugua kidogo wakapona wenyewe. Holstein hali zao zilikuwa mbaya. Na kilichonishangaza mimi niliposoma ni kwamba mwili wa Holstein haukuwa dhaifu. Ulipigana kwa hasira kupita kiasi, ukawaka moto, na moto ule ukamuunguza mwenyewe. Sahiwal alipigana kwa kiasi.

Ami alinisikiliza mpaka mwisho, maana ni mtu wa adabu. Kisha akauliza:

"Kwa hiyo Hamra ana hicho kinasaba?"

"Sijui, Ami. Hajapimwa."

"Na ukimpima, utajua kama hatakufa?"

"Hapana. Kinga ni vinasaba vingi pamoja, na malezi pia."

"Na hicho kinasaba chako kinatoa lita ngapi?"

Nikakosa jibu. Mie niliyelelewa na lita kumi za Bahati, mie ambaye dada yangu alipokosa zile lita kumi alikosa na chuo, ningemjibu nini mzee huyu? Ni rahisi kumhubiria mtu ahifadhi ng'ombe wa lita moja na nusu kama si wewe unayenunua maziwa.

Usiku ule, tumekaa uani, nikamweleza habari ya maji. Sikuwa nimemweleza mtu. Viatu, bomba, Jumamosi tatu, yote. Ami alikuwa akizungusha tasbihi yake, hakunikatiza. Nilipomaliza akasema:

"Mimi si dada yako. Kamwambie dada yako."

Hakuongeza neno. Akanyanyuka akaenda kulala.

Kesho yake tulikwenda Sur kuchukua dagaa. Tulipomaliza akanipeleka kuitazama Fatah al-Khair, jahazi la Sur lililoundwa 1951, limewekwa nchi kavu kama kumbukumbu. Mabaharia wa Sur walikuja kwetu na kaskazi na kurudi na kusi, karne na karne. Nikamwambia Ami kwamba ng'ombe wenye nundu nao asili yao si Afrika. Walifugwa mwanzo upande wa bonde la Indus, na wasio na nundu walifugwa Mashariki ya Karibu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2020 ulikadiria kwamba ule mchanganyiko mkubwa wa nundu na ng'ombe waliotangulia Afrika ulianza kati ya miaka 750 na 1,050 iliyopita. Tena kuna jambo. Ukitazama vinasaba vinavyorithiwa kwa mama tu, ng'ombe wa nundu wa Afrika wanabeba vya ng'ombe wasio na nundu. Ukitazama vya baba, vingi ni vya nundu.

Ami akaanza kucheka peke yake. "Yaani madume ndio waliokuja kutoka ng'ambo, majike walikuwa wa pale pale?"

"Ndiyo, Ami."

"Lo! Kama babu yako!" Akacheka mpaka akajifuta machozi na ncha ya kilemba. Bibi yangu, mwenye Kizee, alikuwa Mhadimu wa Makunduchi. Kisha akanyamaza ghafla, akaninyooshea kidole: "Lakini usiende kuniandika huko kwamba mimi ni ng'ombe."

Basi, Ami, sikuandika hivyo. Watu si ng'ombe. Nilichoandika ni kwamba Kizee alikuwa mjukuu wa mama wa Afrika na baba wa ng'ambo, na kila upande ulimwachia visahani vyake. Na baada ya hapo kupe, mbung'o na ukame vilichagua kwa mamia ya miaka nani azae na nani asizae. Uchaguzi ule uligharimu ndama wengi mno, na hakuna anayeweza kuurudia kwa mwaka mmoja kwenye maabara.

Ijumaa tuliondoka Ibra usiku, Hamra na wenziwe nyuma ya gari, tukawahi Nizwa mapema. Kama hujafika mnada ule, nenda. Uko karibu na ngome. Watu husimama na wengine hukaa wamefanya duara, na wanaouza hupita katikati wakizungusha mbuzi na ng'ombe, wananadi bei kwa sauti. Mnunuzi akipenda humshika mnyama, humpapasa mgongo, humfungua mdomo akatazama meno. Vumbi, kelele, harufu ya kahawa. Mimi nilisimama nikihesabu. Kila ng'ombe anayepita ana aleli mbili za DRB3, mbili tu. Huyu anakwenda kuchinjwa, huyu anakwenda kufugwa, na hakuna anayejua nani kabeba ile ambayo kesho itatakiwa. Hata mimi na kompyuta yangu sijui. Hapo ndipo niliposadiki kwa macho kitu nilichokuwa nikikijua kwa vitabu. Kumwokoa Hamra peke yake si kuokoa kitu, maana kinga haikai kwa ng'ombe mmoja. Lakini watu mia wakisema hivyo hivyo kila mtu juu ya ng'ombe wake mmoja, kundi limekwisha.

Wale wawili waliuzwa haraka. Hamra alizungushwa mara tatu. Kila aliyemshika alisema ni mdogo, mzee, hana nyama. Bei ya mwisho Ami aliisikia, akaguna. "Kwa pesa hiyo," akasema, "bora nimtazame mwenyewe." Tukamrudisha Ibra. Nataka niwe mkweli: haikuwa hotuba yangu iliyomrudisha, ilikuwa bei mbaya.

Kabla sijaondoka nilimfanyia Ami kitu kimoja tu chenye faida. Nilimshika mkono nikauweka shingoni mwa Hamra, nikamwonyesha mitoki ilipo, chini ya sikio na mbele ya bega, ajue ilivyo ikiwa mizima. Nikamwambia atakaponunua chotara wake, ampapase hapo kila siku wakati wa joto. Siku mitoki ikikua na mwili ukiwa wa moto, asingoje kesho, aite daktari wa mifugo. Dawa ya sindano ipo, buparvakwoni, lakini inataka kuwahiwa.

Chotara alinunuliwa mwezi wa pili. Mwezi wa sita, 2025, simu ikalia usiku, Ami. "Mwanangu, mitoki." Nikamwambia aite daktari. "Keshafika," akasema, "nimekupigia kukwambia tu." Chotara alichomwa sindano siku ile ile, akatetereka wiki nzima, akapona. Maziwa yalipungua, kisha yakarudi. Sikumuuliza habari za Hamra, mwenyewe akanambia: "Yule mwekundu wako anakula tu, kama hakuna kitu." Kupe wale wale. Sikusema neno, maana ng'ombe wawili si utafiti. Lakini nilikaa kitandani muda mrefu. Ami sasa anasema mtoto wa Hamra, yule mtamba, hauzwi. Anataka ampandishe kwa dume la kienyeji kwanza, halafu ndio ataona.

Ndugu zangu, najua wengi wenu mnatuma pesa nyumbani. Na najua baadhi mmeshawanunulia wazee ng'ombe wa kisasa, au mna nia hiyo. Ni jambo zuri, sina ugomvi na lita kumi. Ombi langu ni dogo. Ukituma pesa ya ng'ombe, tuma na ya dawa ya kupe, na itume kwa mtu asiyependa mpira. Uliza chanjo ya ndigana kama inapatikana sehemu yenu. Na ukisikia mzee anasema yule wa kienyeji sasa auzwe, banda ni dogo, mwambie abakishe hata mmoja azae. Mbegu za madume wachache wa kigeni zinapatikana duniani kote, ukizihitaji utazipata hata miaka kumi ijayo. Aleli ya Kizee ikishachinjwa, hakuna duka inapouzwa.

Limebaki moja. Wiki niliyorudi kutoka Ibra nilimpigia dada simu. Siku hizi ni mwalimu wa skuli ya msingi, ana watoto watatu. Nikamwambia yote bila kupunguza. Akanyamaza kidogo, kisha akasema:

"Nilijua."

"Ulijua vipi?"

"Bomba halikuwa likinuka dawa. Nilikuwa nafua karibu na banda kila Jumamosi. Nilidhani dawa imekwisha na unaogopa kumwambia baba, nikasema nisikuchongee. Na mimi miaka yote hii najilaumu kwamba ningesema, Bahati angekuwa mzima."

Hatukuongea kwa muda, mimi huku na yeye kule, simu inakula pesa. Mwisho akauliza:

"Na hivyo viatu, vilikutosha?"

"Vilinibana," nikamwambia. "Nilivivaa mara mbili tu."

Yeye ndiye aliyeniruhusu kuyaandika haya.